Kikohozi cha Pikapu ya Marcel

Sehemu ya Saba

Pikapu ilikuwa imezimika kabisa. Kikohozi kikaendelea.

Ndipo tulipomwacha Noela wiki iliyopita, mikono yote miwili kwenye usukani, katikati ya mwinuko wa Ng'washi, mahali palepale alipofia baba yake. Najua mpo mlionuna. Basi turudi haraka, maana msichana wa watu bado hajapumua.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Sijasikia kitu," alijibu Theonest, fundi ambaye Noela alimfuata Nyahanga, Kahama. Alikuwa ameketi kando yake, amelikumbatia boksi la spana kama mtoto mchanga. "Na hicho ambacho sijakisikia, sitaki kukisikia tena."

Kikaja tena. Kirefu, kikavu, kinachomalizikia kwenye mluzi mwembamba kifuani. Hivyo ndivyo baba yake Noela, Marcel, alivyokohoa miaka yote baada ya kutoka kwenye mashimo ya dhahabu ya Rwamgasa na kununua pikapu ya kubebea mawe kupeleka karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Miezi michache kabla hajafa, pikapu nayo ikashika ugonjwa uleule. Kwenye tambarare iko salama. Ikianza kupanda inakohoa, inashtuka, inakohoa, inazimika.

Noela hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba siku nyingine aliipandisha mlima makusudi, ili asikie tu.

Kioo cha upande wake kikagongwa.

Theonest alipiga yowe ambalo hata leo anakana kuwa ni lake.

Nje ya kioo palikuwa na uso mdogo uliokunjamana, na macho mawili mekundu. Bibi Kabula! Aliziba mdomo kwa ncha ya kanga, akakohoa mara ya mwisho.

"Moshi wa kinyesi cha ng'ombe," alisema. "Kuni siokoti tena. Mkinikuta porini mtasema naroga. Hujambo, ng'wanone, mwanangu?"

Noela alishusha kioo. Kijiji kizima kilimwambia asimtazame bibi huyu machoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mama hajambo? Hao ng'ombe wawili waliobaki? Mvua kwenu imenyesha? Na huyu mkwe aliyepiga kelele ni wa wapi?"

"Si mkwe, bibi. Ni fundi."

"Ooh. Fundi anayeogopa gari."

Salamu za Kisukuma hazina haraka. Bibi aliuliza habari za pamba, za mbuzi, za shangazi wa Shinyanga. Mwishoni akasema kwa sauti ileile:

"Alasiri sungusungu wanakaa kwa ajili yangu. Nilitaka nikuone usoni kabla sijafukuzwa. Basi, nenda. Washa, litawaka."

Noela alizungusha ufunguo. Likawaka mara moja, likanguruma kama halijawahi kuugua.

"Umeona?" Theonest alimfinya mkono walipokuwa wakiondoka. "Kaachia! Kalishika, umemsalimia, kaachia. Nimebadilisha plagi. Nimebadilisha koili. Nilikwambia ugonjwa huu hauna spana!"

Kwa msomaji aliyejiunga nasi leo: hiyo ndiyo kesi yenyewe. Kijiji kizima kilijua kwamba gari la Marcel lilishikwa mbele ya nyumba ya Bibi Kabula, na kwamba ukishuka ukamsalimia, linawaka. Marcel mwenyewe alifanya hivyo mara nyingi, akicheka. Siku moja ya kiangazi akaokotwa amekufa kwenye mtaro, chini ya pikapu yake, hatua chache kutoka mlango wa bibi. Watu wakamaliza hesabu wenyewe. Siku hiyo hakusalimia, basi kaadhibiwa.

Na alasiri hii, mbele ya ghala la kununulia pamba, Kamanda Maduhu wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, angetangaza hukumu: bibi atengwe. Asipewe moto, asipewe chumvi, asiitikiwe salamu, ahame kabla jua halijazama. Kila mtu alijua kinachompata ajuza asiye na jirani. Mwaka jana, kijiji cha pili, mmoja alikutwa amekufa asubuhi uani kwake. Hakuna aliyesikia kitu usiku ule.

Noela alikanyaga breki katikati ya barabara.

"Nini tena?" Theonest aliruka.

"Tumekaa pale muda gani tukisalimiana?"

"Muda mrefu. Kaniuliza mpaka kabila la bibi yangu."

"Na kama tungekaa muda uleule bila kumsalimia mtu?"

Theonest alimtazama kama anayemtazama mgonjwa. Noela aligeuza gari.

* * *

Nyuma ya karasha la zamani pana kilima kingine. Hapana nyumba, hapana kaburi, hapana hata mti wa kukaa ndege. Ni marundo tu ya mchanga wa mabaki, na barabara mbovu inayopanda.

Walipofika nusu, pikapu ilikohoa.

Noela alihisi nywele zikimsimama shingoni. Huku juu, mbali na nyumba ya bibi, ilikuwa ni sauti ya baba yake kabisa. Ikashtuka. Ikakohoa. Ikazimika.

"Katufuata!" alisema Theonest.

"Nyamaza. Usiseme neno. Usisalimie chochote."

Fundi aliziba mdomo kwa viganja viwili. Upepo ulipita kwenye marundo ukapeperusha mchanga mweupe. Rozari ya Marcel, iliyokuwa ikining'inia kwenye kioo, ilijizungusha taratibu, kisha ikatulia. Noela alihesabu pumzi zake mpaka hesabu ikampotea.

Akazungusha ufunguo.

Likawaka.

Theonest alishusha mikono. Uso wake ulibadilika. Kwa mara ya kwanza tangu afike alifanana na fundi.

"Hapa tumemsalimia nani?" aliuliza Noela.

"Hatujamsalimia mtu." Alikuwa tayari ameshuka, ameinua boneti. "Hatujamsalimia mtu, dada! Hili gari halijashikwa. Linanyimwa mafuta! Ni mpumbavu mimi, nimehangaika na moto wa plagi siku mbili. Gari la kukosa moto halingoji mlima. Lete dumu."

Alichofanya baadaye kilikuwa cha ajabu kukitazama. Alichomoa mpira wa mafuta unaotoka kwenye tangi. Akalifunga dumu dogo la petroli juu ya paa la kebini ya dereva kwa mpira wa baiskeli, akateremsha bomba jembamba kutoka kwenye dumu mpaka kwenye kabureta, kama mgonjwa anayetundikiwa dripu wodini.

"Sasa linakunywa kutoka kwenye dumu," alisema. "Tangi hatulihitaji. Likikohoa, ugonjwa uko huku mbele, kwenye injini. Lisipokohoa, uko kule nyuma. Panda."

"Hapa?"

"Hapana. Panda Ng'washi. Mbele ya bibi."

Walipanda Ng'washi. Noela alikaza meno akisubiri. Walipita mwinuko wa kwanza, wakapita mtaro uliomuua Marcel, wakapita mlango wa bibi, ambaye aliinua mkono. Hawakusimama. Hawakusalimia.

Pikapu haikukohoa hata kidogo.

"Tumelipata!" Theonest alipiga dashibodi. "Dada, tumelipata! Mbona unalia?"

Noela alijifuta kwa bega. Angemwambiaje? Kwamba ukimya ule ulikuwa mkubwa mno ndani ya gari. Kwamba sasa hivi, juu ya mlima, baba yake alikuwa amekufa mara ya pili.

* * *

Waliliteremsha tangi uani kwao, chini ya kibanda cha kuku. Theonest alimimina petroli kwenye beseni, akalitikisa tangi.

Ndani kitu kikagonga. Kizito, laini. Dup. Dup.

"Kutu hailii hivyo," alisema.

"Nani kawaruhusu kufungua tangi?"

Waligeuka. Scolastika, mama yake Noela, mwenyekiti wa akina mama kigangoni, alikuwa amesimama langoni na sare yake ya kanisani. Kikapu kilikuwa kimemdondoka. Nyanya zilibiringika mpaka kwenye mguu wa Theonest.

"Shikamoo, mama," alisema fundi.

Mama hakuitikia. Alikuwa analitazama tangi kama mtu anayelitazama jeneza linalofunguliwa.

"Mama Noela," Theonest alijaribu tena, "mdomo wa tangi hauna chujio. Lilishakatika. Mtu angeweza kutumbukiza kitu…"

"Lirudishe! Lirudishe kama lilivyokuwa!"

Theonest alishtuka, tangi likamponyoka, likapinduka. Kitu kikateleza kwenye mdomo wake, kikaanguka mavumbini.

Kilikuwa kifurushi cha kitambaa, kinene kama kidole gumba, kimeshonwa pande zote kwa uzi mwekundu. Hirizi. Petroli ilikuwa imekivimbisha. Ubavu mmoja ulikuwa na alama ya duara, umezama ndani, sawasawa na mdomo wa bomba la kunyonyea mafuta.

"Basi ndiyo hii," Theonest alisema polepole. "Gari likipanda, mafuta yanarudi nyuma na hii inarudi nayo. Injini inanyonya kwa nguvu, inaivuta, inaziba bomba. Gari linakufa. Mkisimama mkasalimiana, inaachia, inaanguka chini. Mnawasha, linawaka." Akamtupia Noela jicho. "Mnasema bibi kaachia."

Noela hakuwa anasikiliza. Alikuwa anakitazama kitambaa. Chini ya weusi wa petroli kulikuwa na ndege wa kijani. Alikijua kitenge kile. Alibebwa nacho mgongoni.

"Mama?"

Scolastika aliketi chini, palepale kwenye nyanya.

"Alikuwa anasafiri mpaka usiku na mawe ya watu," alisema. "Barabara za machimbo, wanyang'anyi, mashimo. Nilikuwa silali. Nikaenda nikaomba kinga. Niliambiwa niiweke chini ya kiti chake. Lakini baba yako unamjua. Angeiona angeitupa motoni na mimi ningesimamishwa mbele ya kigango kizima. Nikatafuta mahali ambapo mtu haingizi mkono."

"Tangini."

"Nilidhani itasafiri naye. Kila anakokwenda, iwe tumboni mwa gari." Alimtazama binti yake. "Gari lilianza kukohoa mwezi uleule. Nikajua. Sikuweza kusema. Na alipokufa, ningesemaje?"

"Ukaacha waseme ni Bibi Kabula."

Mama alifunga macho.

"Mama. Hiyo kinga nani alikupa?"

Kuku walidonoa nyanya. Mbali, kutoka upande wa ghala la pamba, filimbi ya sungusungu ililia.

"Mama!"

"Kabula," alisema Scolastika. "Alinipa yeye. Na tangu siku hiyo hajafungua mdomo. Wamemtukana, wamelipiga mawe paa lake, angeweza kusema neno moja tu. Hakusema. Kwa sababu nilimwomba asiseme."

Theonest alikuwa wa kwanza kuona mtego. "Dada, ukiipeleka hii pale wataiona ni dawa yake. Watasema si mmeona, ndiyo iliyomuua Marcel. Utammaliza."

"Nisipoipeleka wanammaliza hivihivi."

Filimbi ililia tena. Noela aliiokota hirizi, ikamchafua kiganja, akatoka mbio. Msichana huyu, niwakumbushe, ndiye aliyemaliza chuo cha ualimu Shinyanga bila kunyosha mkono darasani hata siku moja.

* * *

Mbele ya ghala wanaume walikuwa wameketi safu kwa safu, pinde na marungu magotini. Wanawake walisimama pembeni. Katikati, kwenye kigoda, aliketi Bibi Kabula peke yake, fimbo miguuni, mdogo kama mtoto aliyesahauliwa.

Kamanda Maduhu alikuwa ameshainua mkono.

"Kwa hiyo kuanzia sasa, asiyesikia asikie, mtu yeyote atakayempa moto…"

"Gari halikurogwa!"

Sauti ilikuwa ya Noela, na aliyeshangaa zaidi ni yeye.

"Mwanamke haingii hapo, binti ya Marcel," alisema Maduhu. Hakuyasema kwa ukali. Alimbeba Noela alipokuwa mdogo.

"Basi nitasemea hapa nje." Alisimama ukingoni mwa safu, akainua kiganja. Alieleza vibaya, kwa kuruka, akirudi nyuma, lakini alieleza. Kilima cha pili kisicho na nyumba. Dumu juu ya paa. Tangi. Bomba. Theonest, aliyefika akihema, alipiga kelele kutoka nyuma: "Ni kweli tupu, kamanda! Hata mimi nilikuwa muoga!" Watu wachache wakacheka.

Maduhu aliichukua hirizi. Akaigeuza. Kicheko kikafa.

"Kitambaa cha nani?"

Wanawake walitazamana.

"Nimeuliza kitambaa cha nani."

"Changu."

Scolastika alipita katikati ya wanawake, sare ya kanisani imelowa nyanya kama damu. "Kushona nimeshona mimi. Kuitumbukiza nimeitumbukiza mimi. Bibi Kabula hajashika gari la mtu. Mume wangu kama kaponzwa, kaponzwa na woga wangu."

Minong'ono ilisambaa kama moto kwenye nyasi. Mama mwenyekiti! Wa kigangoni!

"Kushona umeshona," alisema Maduhu, na sasa sauti yake ilikuwa imetulia kuliko ilivyopendeza. "Dawa iliyomo ndani, nani alikupa?"

Scolastika alifunga mdomo. Machozi yalimtiririka lakini mdomo haukufunguka.

"Sema, Mama Noela. Aliyetoa dawa ndiye aliyeua. Huyo ndiye tutakayemtoa leo."

Noela aliitazama hirizi mkononi mwa Maduhu. Alikuwa ameleta kamba ya kumnyongea bibi kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha fimbo ikakwaruza mchanga. Bibi Kabula alikuwa anasimama. Ilimchukua muda. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyethubutu.

"Msimtese mtoto wa watu," alisema. "Nilitoa mimi."

"Mmesikia!" mtu alipaza sauti, na marungu yakainuka kutoka magotini.

"Maduhu, mwanangu," bibi aliendelea kama ambaye hajasikia, "uzi huo ni wa rangi gani?"

"Mwekundu."

"Na wa hiyo iliyo kiunoni mwako?"

Mkono wa kamanda uliruka wenyewe kiunoni, juu ya shati. Alipogundua umefika pale alikuwa amechelewa. Kila mtu alikuwa ameuona.

Bibi aligeuka taratibu, akazitazama safu. "Ulikuja kwangu ulipopewa filimbi. Ukasema unaogopa kuuawa gizani. Na wewe ulikuja kabla hujashuka shimoni mara ya kwanza. Na wewe, mkeo alipokuwa na mimba. Nawe pale nyuma…"

Hakuhitaji kumaliza. Safu nzima ya mbele, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wanavuta mashati chini. Huyu alibana kwapa. Yule alishika shingo kama aliyeumwa na nyuki. Upande wa wanawake mtu alianza kucheka, akajiziba, ikawa vibaya zaidi. Kicheko kikaruka kwa jirani yake.

"Kama aliyetoa ndiye muuaji," alisema Bibi Kabula, "basi ninyi nyote ni maiti zangu. Nifukuzeni. Lakini kwanza kila mtu anirudishie kilicho changu, hapa, mbele ya mkewe."

Hakuna aliyesogea. Mwishowe Maduhu aliketi. Akaitoa filimbi shingoni, akaiweka mfukoni. Marungu yalirudi magotini, kisha chini. Mwanamke mmoja alichukua kipande cha chumvi kutoka kwenye mkoba wake wa sokoni, akavuka safu za wanaume bila kuomba ruhusa, akakiweka kwenye kiganja cha bibi.

"Mwadila, mayu," alimsalimia.

Basi. Mtu ameshapewa chumvi na salamu. Kumtenga kusingewezekana tena.

Noela alikimbia akapiga magoti mbele yake. "Bibi, utusamehe. Mimi na mama."

"Inuka. Utachafua sketi." Bibi alimshika kidevu kwa vidole vilivyonuka moshi. Macho yale mekundu yalikuwa yamejaa maji. "Mama yako anadhani kaua. Mwambie alale usingizi. Gari lilizimika siku ile, ndiyo. Lakini Marcel hakukataa kunisalimia. Alishuka vizuri, akaja mpaka mlangoni, akaniuliza habari za kifua changu. Na mimi nikamuuliza za kwake."

Noela hakuelewa. "Alishuka? Mbona alikutwa chini ya…"

"Tulikuwa bado tunasalimiana," alinong'ona bibi, "gari likawaka."

Kelele za uwanjani zilienda mbali sana.

"Nani aliliwasha?"

"Aliyekuwa kwenye usukani. Baba yako hakuwa anaendesha siku ile, ng'wanone. Liliporudi nyuma alikimbia kulizuia kwa mikono yake."

"Nani, bibi?"

Bibi Kabula hakujibu. Alikuwa ameacha kumtazama. Alitazama juu ya bega la Noela, kwenye safu za wanaume waliokuwa wakiinuka kuondoka, na vidole vyake vikakaza kwenye kidevu cha Noela.

Nyuma yake, karibu kabisa, mtu alikohoa. Kikohozi kirefu, kikavu, kinachomalizikia kwenye mluzi mwembamba.